Nilivyouosha Mwezi wa Mume Wangu

Dirisha letu lilikuwa la mbao tupu. Ukilifunga, chumba giza. Ukilifungua, baridi ya Kericho inamfuata mtoto kitandani. Alikuwa akikohoa tangu mvua zianze. Mume wangu alikuwa karani wa kiwanda cha chai, nami nilikuwa nimetoka kwetu upande wa ziwa, sijazoea kuona pumzi yangu asubuhi.

Chini ya kitanda alikuwa na kisanduku alichonikataza kugusa. Hakusema kina nini. Jioni au alfajiri, mawingu yakifunguka, alikuwa akitoka nje na bomba la shaba la kutazamia mbali aliloachiwa na Mzungu wa mitambo aliyerudi kwao, akafunga kamera nyuma yake na kulielekeza juu. Nilidhani anapima mvua kwa ajili ya kiwanda.

Siku moja nikifagia, nilikivuta. Ndani mlikuwa na vioo kumi na viwili vidogo, kila kimoja kimeshika uchafu mweusi. Nilichemsha maji, nikavisugua kwa jivu. Ule weusi ulilainika kama uji, ukatoka wote. Jirani yetu Mkisii, fundi wa masanduku ya chai, alinitengenezea fremu, tukavipanga ndani yake. Mchana huo mwanga ulifika hadi usoni kwa mtoto.

Mume wangu alirudi, akasimama mbele ya dirisha.

“Vioo hivi vimetoka wapi?”

“Kwa kisanduku chako, Baba. Vilikuwa vichafu, nikaviosha.”

Alipitisha kidole juu ya kimoja, kisha akaketi sakafuni.

“Ulikuwa mwezi,” akasema. “Tangu unapoandama mpaka unapoisha. Karibu mwaka mzima nimengojea mawingu ya hapa. Hata picha moja sijaichapa kwenye karatasi.”

Nilifikiri amerukwa na akili. Aliponieleza kwamba kamera yake hupiga picha juu ya vioo, na ule weusi ndio uliokuwa picha, niligeukia dirisha, kioo kwa kioo, kutafuta kama kuna kilichosalia. Nilingoja kofi, kama ambavyo baba yangu angefanya. Halikuja. Hakula usiku ule, wala mimi sikula. Kwa siku mbili nilikuwa nikitazama vile vioo vinavyong’aa.

Siku ya tatu, jioni, anga ilifunguka. Aliniita nje.

“Njoo uone ulichoosha.”

Niliweka jicho kwenye bomba, nikaruka nyuma na kumkanyaga. Mwezi niliokuwa nikiujua tangu utotoni ulikuwa na mashimo kila mahali, kama ngozi ya mtu aliyepona ndui. Nilipochungulia tena ulikuwa unateleza, unatoka kwenye bomba.

“Unakimbilia wapi?”

“Ni sisi tunaozunguka,” akasema.

Nilishika ukuta wa nyumba. Baadaye nikamuuliza, “Mbona hukuniambia?”

“Niliona haya. Watu wa kanisa wangesema karani anaabudu mwezi.”

“Mimi ni mke wako.”

“Basi kosa ni langu pia.”

Vioo aliviacha dirishani, kwa sababu ya mtoto. Aliagiza vioo vingine vya kamera, tukaanza upya. Yeye akiwa kiwandani, mimi niliangalia anga. Asubuhi moja kabla ya jua, homa imemlaza mume wangu, nilipiga peke yangu picha ya mwezi mwembamba wa mwisho. Nililigusa bomba likayumba, picha ikatoka na ukungu. Alipopata nafuu aliigeuzageuza kwenye mwanga, akachukua kalamu, akaandika jina langu pembeni.