Kikombe Nilichokunywa na Shemeji

Mume wangu alipokufa, mdogo wake alikuja kunirithi kama ilivyo desturi yetu Wameru. Nilikataa, kwa sababu misheni ilitufundisha kukataa. Basi akachukua shamba la migomba, akisema mjane asiyerithiwa hana mgomba. Baadaye naye akabatizwa, huku akiendelea kukata ndizi zangu.

Kanisa letu la wakati wa Wajerumani lilikuwa dogo. Kwenye Meza ya Bwana tulipiga magoti mstari mmoja, wanaume kulia na wanawake kushoto, na mwanamume wa mwisho aligusana bega na mwanamke wa kwanza. Wa kwanza nilikuwa mimi, kwa kuwa nilitangulia wenzangu kubatizwa. Jumapili moja nilimwona shemeji akiwapisha wanaume, mmoja baada ya mwingine, mpaka akawa wa mwisho. Akanywa. Kikombe kikaja kwangu, ukingo ukiwa na unyevu wa midomo yake. Nikanywa. Nilifundishwa kwamba pale nakunywa na Bwana Yesu, sikumuwaza mwingine.

Yeye alikuwa amewaza. Shauri letu lilipofika kwa wazee, hakubishania mpaka wala mfereji. Alisema tu, "Tumekwisha kunywa pamoja. Muulizeni."

Kwetu, wagomvi wakinywea pombe kibuyu kimoja, ugomvi umekwisha, na aliyeshika mali ameishika.

"Ile si pombe," nikasema.

"Ni maji?" mzee mmoja akauliza.

"Ni divai."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga ugoro wake. "Pombe ya Wazungu! Mama, kikombe kilikuwa kimoja au viwili?"

"Kimoja."

"Basi nenda nyumbani."

Nilikwenda kwa mchungaji Mzungu, aliyeziita desturi zetu giza. Nilimwomba awaambie wazee kwamba kikombe chake si kibuyu cha suluhu.

"Lakini ni cha suluhu, mama," akasema, akisafisha kiko chake. "Msamehe."

"Naye utamwambia arudishe migomba?"

"Mambo ya mashamba ni ya wazee."

Giza na nuru vilikuwa vimekubaliana kuninyang'anya shamba.

Meza iliyofuata, shemeji alijipanga tena wa mwisho. Kikombe kilipofika midomoni mwake, nilisema kwa Kimeru, kwa sauti ya kufika mlangoni: "Kunywa, shemeji. Mimi sinywi baada yako."

Hakuna Mmeru asiyejua maana yake. Ukinywa suluhu ambayo mwenzako ameikataa, kinywaji hicho kinakugeukia. Shemeji alifunga mdomo. Mchungaji alikisukuma kikombe, divai ikamtiririka kidevuni.

"Kunywa," mchungaji akanong'ona.

"Yeye atangulie!"

"Rudisha migomba kwanza," nikasema.

Aliinuka akatoka mbio, akijifuta kidevu kama aliyerukiwa na sumu.

Wazee waliposikia kwamba kikombe kimekataliwa, walilisikiliza shauri upya, wakanirudishia shamba lote. Mchungaji alinifungia Meza ya Bwana mpaka nitubu. Nilikaa benchi la nyuma miaka yote aliyobaki kwetu, nikiwatazama wengine wakila mkate nilioutamani, na kumchukia aliyewagawia. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipomwondoa, alipita shambani kuniaga. Aliniuliza kama sasa niko tayari kutubu. Nilimwambia siko tayari, nikaendelea kupalilia.