Njiti ya kiberiti kwenye usaili wa leo

Leo nimeomba kiberiti katikati ya usaili wa kazi.

Kazi yenyewe ni ofisa maendeleo ya biashara, kampuni ya asali hapa Singida mjini. Tangazo lilikuwa na maneno mazito, nami sikuacha hata moja. Mkakati. Ubunifu. Mnyororo wa thamani. Yote niliyapachika kwenye CV mpaka ukurasa ukajaa.

Mkurugenzi ni mama mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia, akasoma taratibu.

"Umeandika mkakati mara sita," akasema. Akanisogezea chupa ya asali. "Haya, niuzie hii."

Nikaanza na mnyororo wa thamani.

Akapiga mwayo. Jamani, mwayo kabisa!

Jasho likanitoka. Nikajikuta naomba kiberiti. Nikachovya njiti kwenye asali, nikaiwasha. Ikawaka.

"Mama, ingekuwa imetiwa maji isingewaka."

Akakaa vizuri. "Hiyo umejifunza wapi?"

"Stendi. Nauza asali ya baba kutoka Rungwa, mwaka wa nne huu."

Akageuza CV yangu mbele na nyuma. "Mbona humu haimo?"

Ukweli ni kwamba niliona aibu. Ndoo na stendi, unaviandikaje kwenye CV?

Akanipa kalamu. "Andika."

Mbele hapakuwa na nafasi, mikakati imejaa. Nikaandika nyuma, kwa mkono. Na maswali yote yaliyobaki aliyatoa huko nyuma.

Majibu ni Ijumaa. Haya, nanyi semeni ukweli: kwenye CV zenu mmeficha nini?