Hesabu ya Kibanja cha Kaagya

Mwalimu Kokugonza alitufundisha hesabu na kemia, na kwa ukali wake tulimshukuru Mungu kwamba hakupewa na dini. Kwenye aljebra hakutaka maneno mengi. "Umepata x? Irudishe kwenye mlinganyo. Pande mbili zisipolingana hilo si jibu, hata ukiliandika kwa mwandiko wa malaika." Kwenye kemia alikoroga mrututu, zile chembe za buluu za dawa ya kahawa, kisha akauacha glasini hadi kesho yake. Ulibaki buluu ileile juu na chini, akasema huo ndio umeyeyuka. Unga wa muhogo nao ulikorogeka vizuri, lakini asubuhi tuliukuta umelala chini kama mlevi.

Baba yake alifariki mwaka 1974 bila mtoto wa kiume. Kwetu Uhayani binti huachiwa kibanja, shamba la nyumbani, akae tu; mwenye mali ni ukoo. Mwalimu alikuwa na binti mdogo, Celina, aliyekanwa na baba yake. Alitaka kitu kimoja: Celina awe na mahali pa kuita kwake.

Ukoo ulikutana Kaagya. Rubisi ikizunguka, Buberwa, mdogo wa marehemu, akatangaza: "Tumemaliza. Utakaa hapa na mama yako, mtavuna kahawa yenu, hakuna wa kuwagusa." Wakapiga makofi. Hata mama yake alipiga.

"Na nikifa, baba mdogo?"

"Mwanangu, mbona unajitakia mabaya?"

"Nikifa, Celina atakaa wapi?"

"Celina ana ukoo wake."

"Upi?"

Buberwa akaomba aongezewe rubisi.

Asubuhi, pombe ilipowatoka vichwani, Projestus mwana wa Buberwa alikuwa tayari anapanda omuramura, mmea wetu wa mpaka, katikati ya mibuni ya marehemu. Mimi nilikuwa jirani. Niliyaona kwa macho yangu, nikachemka kwa hasira. Ule muafaka ulikuwa unga wa muhogo mtupu.

Upande wa Muleba kulikuwa kunaanzishwa kijiji cha ujamaa, na huko mwanamke aliandikishwa shamba kwa jina lake mwenyewe. Mwalimu alikwenda kuulizia, akarudi akicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mama, tumepata. Tufunge mizigo."

Mama yake akageukia kaburi la mumewe, pale kando ya nyumba. "Huyu nimwachie nani? Nenda wewe, mwanangu. Mimi nitazikwa hapa."

Angekwenda vipi? Bila binti wa ukoo mle ndani, Projestus angemtoa yule bibi hata kabla kahawa haijaiva.

Siku moja tulikuwa tukichambua kahawa jamvini, Mwalimu akaniambia, "Nimejaribu kila kitu. Nikibaki, Celina anakosa. Nikiondoka, mama anafukuzwa. Kuna kimoja tu kinachoingia, na kila upande unakaa sawa."

"Kipi, Mwalimu?" Nilidakia kwa pupa, kama enzi zile za darasani.

Alikuwa akimtazama mama yake, aliyekaa mlangoni akimenya ndizi huku akikohoa. Machozi yakamtoka. Nikairudisha kwenye mlinganyo: bibi akishazikwa pale, Celina anapata kwake Muleba. Akainuka, akachukua kanga, akamfunika mabegani.

"Asante, mwanangu," mama yake alisema akitabasamu. "Ukinitunza hivi, nitaishi hadi Celina aolewe."