Siku Tuliyohamisha Timu ya Yaya Pacifique

Jumanne, tarehe nane, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza saa nne asubuhi na haijaacha. Njia ya kushukia kwetu hapa Bagira imekuwa tope tupu.

Leo simu yangu ilijaa. Ikaniuliza kwa Kifaransa kama ifute picha za zamani, na chini yake kuna neno «Oui», yaani ndiyo, linangoja kidole. Simu ilikuwa imepata moto mkononi, ikitoa ile harufu ya plastiki iliyochemka pamoja na vumbi. Nikaiweka mezani kama kitu kinachouma. Harufu ile ninaijua. Sijui kama nitaieleza vizuri, maana masomo yangu yaliishia mwaka wa sita wa msingi, lakini nitajaribu, na nisimwonee mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Papa alikuwa mfagiaji na mpeleka barua kwenye ofisi moja kule Nguba. Ofisi ilipofunga mlango, walimpa kompyuta yao ya zamani, nzito kama sanduku la bibi harusi. Kaka yangu mkubwa, Yaya Pacifique, akaitia mchezo wa mpira. Mchezo wenyewe ulikuwa mkubwa, ulikula karibu disque yote ya ndani, ile ghala ya kompyuta. Lakini Yaya alifanya humo kitu ambacho sijakiona kwa mwingine. Alitengeneza timu, akaiita Bagira, na wachezaji akawapa majina ya watu wetu. Papa alikuwa beki, mzito, haruki. Mimi nilikuwa winga wa kushoto. Na mu goli alimweka Maman, ambaye wakati ule alikuwa na miezi saba kaburini.

Mpira ukidakwa, jina lake lilitokea chini ya kioo, na Yaya akapiga kelele: «Maman amekamata!» Papa akipita na ndoo ya maji alisimama mlangoni. Aliangalia tu mpaka mpira urudi katikati, kisha akaenda na ndoo yake.

Yaya alipoondoka kwenda kuchimba dhahabu Kamituga, aliniachia neno moja juu ya timu ile: «Nsimire, ile équipe yangu, usiipoteze.»

Baadaye Papa aliipatia kompyuta kazi: kuandikia watu barua na maombi. Lakini ilikuwa imejaa mpaka ikawaka kwa shida. «Ule muchezo utoke,» akasema. «Nafasi ni ya kazi.» Alikuwa na haki. Siku zile tulikuwa tunakula mara moja kwa siku.

Aliyetuokoa, au niliyedhani ametuokoa, ni Tonton Bahati, mdogo wake Maman, aliyekuwa akipiga video za ndoa. Alikubali mchezo ukakae kwenye disque yake ya nje, pembeni, katikati ya maharusi wa watu. Akaja Jumamosi asubuhi, maana ndiyo ilikuwa zamu ya upande wetu kupata umeme.

«Tunaiamisha sawa vile watu wanaama nyumba,» akanifundisha. «Kwanza tunakopia. Kisha tunajaribu. Kisha ndiyo tunafuta ya zamani. Hapana kukimbia, Nsimire.»

Kompyuta ikasema zimebaki saa mbili. Halafu saa tisa. Halafu dakika kumi. Tonton akacheka: «Iko sawa mutu anakuambia niko njiani, kumbe bado iko mu kitanda.» Feni ya ndani ikalia, plastiki ikaanza kunuka. Mimi nikashika rozari ya Maman, nikasema Salamu Maria moja kwa kila kipande cha kijani kilichoongezeka kwenye mstari wa kuhesabu pale kiooni. Niliizunguka rozari yote mara mbili, mpaka vidole vikatoka jasho.

Ikamalizika. Tukaufungua mchezo kutoka disque ya nje: muziki uleule, majani ya uwanja yaleyale. «Unaona?» akasema Tonton. «Tumeama na hakuna sahani imevunjika.» Tukaufuta wa zamani. Simu yake ikalia, alikuwa bwana harusi wa siku ile, Tonton akatoka nje kuzungumza.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliona compte ya Yaya, kama chumba chake mle ndani ya kompyuta, bado iko, jina lake na picha ndogo. Nikafikiri: nyumba ni tupu sasa, wenyewe wamehama, nikiiondoa, Papa atapata nafasi zaidi na atafurahi. Nikabonyeza. Kompyuta ikaniuliza kwa Kifaransa kirefu, mistari mitatu. Sasa, darasani kwetu, mwalimu akimaliza Kifaransa kirefu na kuuliza kama tumeelewa, jibu lilikuwa moja, watoto hamsini kwa sauti moja: «Oui, monsieur!» Aliyesema non alibaki amesimama mpaka kengele.

Nikabonyeza Oui.

Tonton alirudi, akaingia ndani ya mchezo, na mchezo ukamwomba aandike jina la timu mpya. Alitafuta mpaka jasho likamtoka. «Ee mwana,» akasema mwishowe. «Muchezo ulikuwa huku, lakini équipe ilikuwa inakaa mu compte ya Pacifique. Hata mimi sikujua. Kosa ni yangu, ningebakia.» Lakini yeye alisema hapana kukimbia. Niliyekimbia ni mimi.

Papa aliporudi nikamwambia yote. Aliuliza neno moja tu: «Na Maman?»

Nikatikisa kichwa. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Nilipokuwa mtu mzima alinisimulia kwamba hospitalini dokta alimweleza ugonjwa wa Maman kwa Kifaransa, akamwuliza kama ameelewa. Papa akajibu, oui, docteur, na hakuwa ameelewa kitu. Tukarudi nyumbani kwa furaha, tukachinja kuku. Dokta simlaumu, aliuliza.

Yaya alipiga simu mara moja tu, kwa simu ya mtu, sauti ikikatika.

«Équipe yangu iko?»

«Iko.»

«Maman iko mu goli?»

«Iko, Yaya.»

«Basi sawa,» akasema, na simu ikakatika. Mpaka leo hatujasikia habari yake.

Miaka mingi nililia kwa sababu ya kile nilichofuta. Sasa ninaona kosa kubwa pengine ni lile la pili. Ningemwambia imepotea, huenda angekasirika, akapanda kuja kunigombeza na kuitengeneza upya. Nilimwambia kila kitu kiko mahali pake, akakosa sababu ya kuja. Pengine siyo hivyo. Machimbo yana mambo yake. Sitajua.

Picha za simu sikuzifuta. Jioni tulikula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na sambaza kidogo, samaki wadogo wa ziwani. Papa akasema kama kila siku tangu Yaya aondoke: «Musimalize, muachie mutu.» Nikafunika sufuria. Asubuhi nitaipasha moto sehemu hiyo, nitaila mwenyewe.