Spika za Bwera na Sauti Isiyo na Mtu

Jua halijachomoza Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na Eridadi Tsongo tayari anapanda ngazi kwenda kwenye chumba chake kidogo juu ya duka la mbegu. Anafuta kipaza sauti kwa pindo la shati, anakohoa pembeni, kisha anawasha mashine. Juu ya nguzo nyuma ya duka, spika nne zinausalimu mji mzima.

Leo kuna mbuzi mweupe aliyepotea, kuna mazoezi ya kwaya, na kuna mama anayeuza miche ya kahawa. Tsongo anasema kila jambo kwa Lhukonzo, lugha ya hapa, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya wanaovuka kutoka Kongo kuja sokoni. Tangazo moja ni shilingi elfu mbili. La msiba ni bure, na la mto pia ni bure.

La mto ndilo linalomkosesha raha. Mto Lhubiriha ukianza kujaa, watu wa bondeni huisubiri sauti yake ili wahame. Muhula uliopita, nusura waache kuisubiri kabisa.

"Hapa najua sauti ya watu yote," anasema Tsongo, na kucheka bila furaha. "Sasa iliyonidanganya ni ya mutu mwenye namujua sana."

Alikuwa ametumiwa kwa simu sauti ya Madamu Barbara, mwalimu mkuu wa sekondari iliyo mlimani. Ilikuwa na upole wake uleule, na ule mtindo wake wa kuanza na "wazazi wangu". Ilisema mto umejaa, njia imekatika, wanafunzi wabaki nyumbani. Tsongo hakujiuliza mara mbili. Aliisogeza simu kwenye kipaza sauti na mji wote ukasikia.

Wanafunzi walibaki nyumbani. Zaidi ya hapo, watu wa bondeni walibeba vitanda, magodoro na wagonjwa wao hadi juu, jua likiwaka. Huko mtoni watoto walikuwa wakiosha vyombo.

Madamu Barbara hakuwa amesema neno. Aliyesema ni Mackline, mwanafunzi wa Senior Tatu, ambaye hakuwa amejiandaa kwa jaribio la kemia. Alichukua hotuba ya mwalimu iliyorekodiwa siku ya wazazi, akaiingiza kwenye programu ya akili bandia, na programu ikamtengenezea maneno mapya kwa sauti ileile.

"Nilitaka siku moja tu," anasema Mackline, akiangalia viatu vyake. "Mto niliutaja kama kisingizio. Sikufikiria kwamba watu watabeba vitanda."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha kwelikweli. Tsongo aliita mpaka koo likakauka. Hakuna aliyebeba hata sufuria. Maji yalifika kwenye milango ya chini, yakasimama hapo, kisha yakarudi. Hakufa mtu, na mpaka leo hakuna anayejua ni kwa nini. Edisa, mama mzee mjane anayeishi karibu kabisa na ukingo, alipoteza kuku wote.

"Nilisikia muzuri," anasema Edisa. "Nikasema, ni ile mashine tena."

Kikao cha wazazi kilikuwa kikali. Baadhi walitaka Mackline afukuzwe. Wengine walitaka simu zote za wanafunzi zichomwe moto. Madamu Barbara aliwaacha waseme mpaka wachoke.

"Nikimfukuza, ile programu itabaki kwenye simu zenu," aliwaambia. "Afadhali aliyetuangusha atuonyeshe shimo liko wapi."

Basi Mackline akasimama mbele yao na simu. Alimwomba Tsongo aongee kidogo, akaiendesha ile programu, kisha akawasikilizisha wazazi sauti mbili zikitangaza mbuzi mmoja. Waliambiwa wanyooshe mkono kwa Tsongo wa kweli. Mikono ikagawanyika karibu sawasawa.

"Bibi yangu wa ndoa alinyosha kwa ile ya uongo," Tsongo anasema. "Tumelala nyumba moja tangu ujana. Iliniuma, sitakuficha."

Afande Byamukama, mwanajeshi mwenye binti shuleni hapo, akasimama. "Mimi nikipewa amri, kwanza naangalia uso ya mwenye kutoa," alisema. "Halafu nauliza nani mwingine amesikia."

Maneno hayo yakawa sheria yao. Tangazo la shule au la mto halipokelewi tena kwa simu. Mtu huja mwenyewe. Na Tsongo akitangaza mto, watu husubiri kengele ya shule, ambayo hugongwa tu na mwalimu aliyeshuka kuyaona maji kwa macho. Darasani nako, mwanafunzi anayeleta jibu la mashine anaulizwa swali la afande: nani mwingine anathibitisha? Mackline ndiye anayeuliza kwa sauti kuliko wote, na wenzake wanamchokoza kwa hilo.

Asubuhi hii, Tsongo anapozima mashine, ngazi inalia. Ni Edisa, anahema, fimbo mkononi.

"Niko nakuja kuangalia kama ni weye," anasema.

"Ni mimi, mama."

Edisa anamtazama mdomoni, anaridhika. Hufanya hivyo kila siku ya soko. Mwanzoni Tsongo aliona anatukanwa. Sasa Edisa akichelewa, Tsongo ndiye anayechungulia ngazi.

Mvua zinakaribia, na Tsongo ana mpango. Anataka kutoboa dirisha kwenye ukuta unaotazama soko, ili watu wamwone akisema. Fundi ameshachora mstari kwa mkaa mahali pa kukata.

Edisa anausogelea ukuta, anaupima kwa macho. Anaokota kipande cha mkaa na kuchora mstari mwingine, chini zaidi.

"Kata mpaka hapa," anamwambia. "Mimi niko mufupi, na mvua ikikuja sitaweza hii ngazi."