Fundi wa Dari na Karatasi Iliyosema Haumwi

Saa mbili na robo asubuhi fundi yuko juu ya jukwaa, katikati ya sebule ambayo bado haina milango, na macho yake yako chini. Dari anayoishughulikia iko juu ya kichwa chake, shubiri mbili hivi. Mkono wa kulia umeshika mwiko mpana, unapaka jipsamu laini kwenye mshono wa bodi mbili. Miguuni pake, juu ya mbao, amelaza kioo cha bafuni. Humo kiooni ndimo anamoiona kazi yake.

Hafanyi hivyo kwa mbwembwe. Shingo yake haiinuki tena.

"Mwenye nyumba mmoja aliponiona siku ya kwanza alicheka," anasema bila kugeuka, maana akitaka kugeuka ni lazima ageuke mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. "Akaniuliza, fundi, mbona unajipodoa kazini? Nikamwambia, mzee, leo naolewa."

Ana miaka thelathini na minane. Kazini wanamwita Fundi Kioo, naye anaitika. Zamani alikuwa akimaliza dari za vyumba vitano kwa wiki. Siku hizi akimaliza viwili anashukuru, na hata hivyo ni kwa sababu bodi zinanyanyuliwa na mdogo wake, ndugu wa tumbo moja, kijana wa miaka ishirini na tisa anayefanya kazi upande wa pili wa chumba hicho hicho.

Maumivu yalimwanza akiwa na miaka ishirini na miwili. Yalianzia chini kabisa ya mgongo, kwenye makalio, leo kulia, kesho kushoto. Alikuwa akiamka amekakamaa kama gogo. Akienda kazini, akipanda jukwaa na kunyanyua bodi, ikifika saa nne amelegea na anapiga soga kama wenzake. Jioni akikaa kupumzika, yanarudi.

Mtu anayeumizwa na kazi hupata nafuu akipumzika. Huyu alikuwa akipata nafuu akifanya kazi. Dalili ilikuwa wazi kama mchana, lakini nani angeiona? Katika kazi ya dari kila mtu anaumwa mgongo.

"Ukisema mgongo unakuuma, wanakucheka," anasema. "Wanakwambia karibu chamani. Huo ni mgongo wa fundi, sasa umeiva."

Alipofika miaka ishirini na mitano alikwenda zahanati; daktari naye alimuuliza kazi yake, akasikia "dari", hakuuliza la pili. Akamwandikia dawa za maumivu na miezi mitatu ya kulala. Fundi akatii. Mkewe, aliyekuwa amemwoa mwaka huo huo, anaikumbuka miezi hiyo kuliko harusi yenyewe.

"Kila alivyozidi kulala ndivyo alivyozidi kukauka," anasema mama huyo. "Mama yangu akaja kumkanda. Anamkanda mkwewe huku anamsimanga: baba, wewe una miaka ishirini na mitano au umetudanganya umri?"

Nyumbani kwa kina fundi hakuna aliyeshtuka. Baba yao alikufa akiwa amepinda, kidevu kimegusa kifua, na familia nzima ilijua sababu: alibeba magunia ghalani maisha yake yote. Magunia yalimkunja baba, dari zinamkunja mwana. Hesabu ilikuwa imekamilika, na hesabu iliyokamilika haina wa kuikagua.

Kisha likaja jicho.

Akiwa na miaka ishirini na saba, jicho la kushoto lilimwiva jekundu, likawa linauma kwa ndani na haliwezi kustahimili mwanga. Mafundi wa dari wanaijua hiyo. Bodi zikishapigwa msasa, vumbi la jipsamu linajaa chumba kizima, na jicho jekundu ni sehemu ya mshahara. Wana tiba yao: mmoja anakushika kichwa, mwingine anafunua kope kwa ncha ya kitambaa safi, wa tatu anamwaga maji. Wakamfanyia. Baada ya wiki mbili likapona, wakajisifu.

Katika miaka sita liliiva mara tano. Mara zote tano walimwosha. Mara ya sita lilimkuta nyumbani, hajapanda jukwaa kwa wiki tatu kwa kukosa kazi, na mkewe ndiye aliyeshtuka.

"Nikamuuliza, hilo ni vumbi gani linalokufuata mpaka kitandani?" anasema. "Nikamvalisha viatu, twende."

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, miwani puani, maneno machache. Alimulika jicho kwa taa yake, akauliza, "Baba, mgongo wako ukoje asubuhi?"

"Nilitaka kucheka," anasema fundi. "Nimekuja na jicho, ananiuliza mgongo! Nikadhani amechanganya mafaili."

Hakuwa amechanganya. Alimweleza kwamba kuna aina ya baridi yabisi inayoshambulia uti wa mgongo, na kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui, inajigeukia yenyewe. Huvimbisha maungio ya nyonga na pingili za mgongo, na kwa baadhi ya watu huingia hata ndani ya jicho. Ikiachwa, pingili hushikana moja na nyingine mpaka mgongo unakuwa mfupa mmoja. Huwaanza watu wangali vijana na huzunguka ndani ya ukoo. Fundi alipomsikia akisema ukoo, alimkumbuka baba yake, na kwa mara ya kwanza aliyaonea mashaka yale magunia.

Mama yule akamwandikia dawa ya jicho na barua ya kupima damu, kutafuta alama moja ya vinasaba iitwayo HLA-B27, ambayo huonekana kwa wengi wenye ugonjwa huo. Akamwagiza kwamba majibu yakitoka, yawe vyovyote vile, ayarudishe kwake.

Majibu yalichukua siku kumi na moja. Aliyapokea dirishani, mikononi mwa tabibu kijana ambaye hakumjua yeye wala jicho lake. Kijana akasoma, akatabasamu. "Alama haipo. Huna ugonjwa huo, mzee. Punguza kazi tu."

Fundi alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Anasema alitoka pale akitembea haraka kuliko alivyowahi kutembea mwaka ule. Aliwanunulia soda mafundi wote wa jengo. Karatasi akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi, na kila aliyemtania kwamba anatembea kama babu alionyeshwa karatasi.

"Jicho lilikuwa limepona. Kwa daktari nirudi kufanya nini? Kumwambia amekosea?" anauliza. Halafu anaongeza taratibu, "Nilifurahi, ndugu mwandishi. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Nilifurahi."

Alifurahi kwa miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu shingo ilikufa. Kwanza alishindwa kutazama pembe ya dari bila kujiegemeza nyuma, kisha akashindwa kabisa. Siku moja alifunga bodi nzima upande wa nyuma chini, maandishi ya kiwandani yakaelekea sebuleni, na hakuiona mpaka mwenye nyumba alipoisoma kwa sauti.

Jicho lilipoiva mara ya saba lilimrudisha kwa mama yule yule. Safari hii hakuwa na maneno machache. Fundi alipomtolea karatasi kwenye pochi, imechakaa mikunjoni, daktari aliisoma akiwa amesimama.

"Nani alikwambia kipimo hiki ni hakimu?" alifoka. "Hiki ni shahidi mmoja tu! Wapo wenye alama hii wanaozeeka wakicheza mpira, na wapo wasiokuwa nayo wanaopinda kama wewe. Sehemu nyingine za dunia wagonjwa wa namna yako ni wengi. Damu ilikuwa ya kutusaidia kufikiri, baba, siyo ya kufikiri badala yetu."

Akamkokota mwenyewe mpaka kwa bingwa wa maungio, ghorofa ya juu. Picha ya eksirei ilimaliza ubishi. Palipotakiwa kuwa na nafasi kati ya nyonga na uti wa mgongo hapakuwa na nafasi. Pingili zilikuwa zimeungana, zimevimba kwa vituo kama vifundo. Bingwa alisema wao huuita mgongo wa mwanzi. Ilikuwa miaka kumi na minne tangu asubuhi ile ya kwanza ya kukakamaa.

Sasa anameza vidonge vya kutuliza uvimbe na kufanya mazoezi kila siku, jambo ambalo lingemsaidia zaidi angelianza mapema. Iko sindano ya kuuzuia ugonjwa usisonge. Dozi ya mwezi mmoja ni kipato chake cha miezi minne, na akiwa na watoto watatu shuleni hajaizungumzia tena. Kilichokwisha kushikana hakuna sindano ya kukiachanisha.

Hayo anayasimulia bila kulalamika. Anapolalamika ni pale anapomtaja mdogo wake.

Mdogo mtu alianza kuchelewa kazini mwaka jana. Akasema godoro lake limekufa. Akanunua lingine, nalo likafa ndani ya miezi miwili. "Nikamwambia, wewe una mkosi gani na magodoro?" anasema fundi. "Anacheka. Lakini nilikuwa nikimwona anavyoinuka baada ya chakula cha mchana. Anainuka kama mimi."

Alimbembeleza, akamsihi, akamnunia, mwisho mdogo mtu akakubali kupima damu tu; kwa bingwa alikataa kwenda. Majibu yakatoka: alama haipo. Siku ile ile kijana alikuja kazini na karatasi yake mfukoni, mwenye furaha.

"Nikamwambia kaka, karatasi haina chuki na mtu," mdogo mtu mwenyewe anakiri, akiwa ameegemea bodi. "Imesema sina, basi sina. Tena nikamwambia, wewe umeshazoea kuumwa, sasa unatafuta mwenzio."

Maneno yalikuwa ya fundi mwenyewe, ya miaka mitano nyuma, isipokuwa lile la mwisho. Lile, anasema, lilimchoma kuliko ugonjwa.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi alikuwa na siri moja ambayo hata watoto wake hawakuijua, nayo ni jinsi anavyoamka. Kwa miaka yote amekuwa akiamka kabla ya wote, mlango wa chumba umefungwa, na mkewe peke yake ndiye shahidi. Watoto wanajua tu kwamba baba ni mtu wa alfajiri. Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, alimwita mdogo wake aje kulala kwake, bila kumwambia sababu.

Saa kumi na nusu alfajiri mkewe alikwenda sebuleni. "Shemeji, amka. Kaka yako anakuita."

Kijana alisimama mlangoni. Kaka yake alikuwa chali, amekauka, macho kwenye dari ya chumba chake mwenyewe, mahali pekee anapoweza kuitazama dari. Alivuta pumzi, akajiviringisha ubavu wa kushoto kidogo kidogo, akisimama njiani kama anayepanda mlima. Akashusha mguu mmoja. Akangoja. Akaishika kamba aliyoifunga kwenye chaga za kitanda, akajivuta, akashindwa, akajivuta tena. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mdogo mtu alipopiga hatua kumsaidia, alizuiwa.

"Simama hapo hapo," kaka alimwambia. "Sikukuita unisaidie. Nimekuita utazame."

Mke alikuwa ameshika simu akihesabu muda. Zilikuwa dakika arobaini na moja mpaka mumewe aliposimama wima, kwa kiasi cha wima alichobakiwa nacho. Kijana alikuwa analia.

"Sikulia kwa kumwonea huruma, nisikudanganye," anasema sasa. "Nililia kwa sababu ya ule ubavu wa kushoto. Anaanza ubavu wa kushoto, anashusha mguu mmoja, anangoja. Hakuna aliyenifundisha, lakini ndivyo ninavyoamka mimi. Nilidhani niko peke yangu duniani ninayeamka vile."

Alikaa kitandani kando ya kaka yake, mabega yakigusana. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi bado ni dakika kumi na tano."

Jumanne ijayo hawatapanda jukwaa. Mwenye nyumba ameshaambiwa, amenung'unika, amekubali. Bingwa wa maungio amesema eksirei ya kijana huenda isionyeshe kitu kwa sasa, kwa hiyo anataka picha ya MRI, ile ya sumaku, inayoona uvimbe kabla mifupa haijaanza kushikana. Ndugu hao wamechanga, na shemeji mtu ameuza cherehani yake. Fundi ameshamwonya mdogo wake kwamba wakimwambia tena haumwi, asinunulie mtu soda. Aulize mara ya pili, na ya tatu.

Alipoulizwa anatarajia nini kutoka kwenye picha hiyo, fundi aliweka mwiko chini, akaugeuza mwili wote kumwelekea mdogo wake.

"Kupona sikuombi, hata kwake siombi makubwa," alisema. "Naomba zibaki zile zile kumi na tano."