Ukuta wa Bi Mraba

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Mraba, na mwenyewe alijua. Alianza kufundisha hesabu nywele zake zikiwa nyeusi tii, na miraba aliichora ubaoni kwa mkono mtupu, bila rula, imenyooka mpaka inakera. Kila akimaliza kueleza jambo aliuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyooo, Mwalimu!" Naye akasonga mbele, roho kwatu.

Balaa lilikuwa mitihani. Watoto hao hao wa ndiyo walifeli muhula baada ya muhula, hadi Mkuu wa shule akamwita ofisini. Hakupindisha maneno.

"Mwalimu, darasa hili nampa mtu mwingine. Maliza nalo wiki hii, uwaage vizuri."

Alirudi nyumbani amenywea. Darasa lile ndilo lililokuwa likimtoa kitandani kila asubuhi. Bila hilo angebaki kulinda stoo ya vitabu. Binti yake, fundi wa kompyuta asiyejua kufunga mdomo, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la kuudhi.

"Mama, unajuaje kama wanaelewa?"

"Si nawauliza!"

"Na asiyeelewa aseme hivyo mbele ya wenzake wote?"

Mama mtu akazikumbuka zile ndiyooo zote.

Basi binti akamtengenezea ukuta. Si wa matofali, usicheke! Ni ukurasa wa mtandaoni: kila mtoto anaandika kwenye kishikwambi chake, na maneno yanatokea mbele ya wote kama kikaratasi kilichobandikwa, bila jina la mtu. "Gusa, Mama, haing'ati," binti alimwambia, na mama akagusa kwa ncha ya kidole.

Kesho yake akawasha projekta ya shule. Ukuta ukatokea mweupe peee, na juu yake namba ya kuingilia. "Andikeni msichoelewa," akasema. "Sitajua ni nani kaandika."

Ukuta ukabaki mweupe. Watoto wakatazamana. Bi Mraba akaanza kujilaumu kwa kujitafutia aibu siku za mwisho.

Ndipo kikaratasi cha kwanza kikachomoza, cha njano. *Hasi mara hasi inakuwaje chanya? Nani alikubali?* Hajamaliza kukisoma, kikaja kingine: *Namba ikiwa na kipeo sifuri tunaambiwa ni moja. Hiyo moja imetoka wapi?* Kisha vikamiminika, vikasukumana, ukuta ukajaa pomoni.

Mama wee! Bi Mraba alisimama mdomo wazi. Alitegemea kukuta uvivu. Kumbe humo vichwani mlikuwa na maswali mazito, yenye akili, mengine hata yeye hakuwahi kuthubutu kuyauliza. Miaka yote hiyo alikuwa amesimama mbele ya utajiri huu, akiupa mgongo na kuchora miraba.

Pembeni kikatokea kimoja kifupi: *Mwalimu, mimi huitikia ndiyo ili usihuzunike.*

Machozi yakamlenga. Akajikaza kisabuni.

"Hilo la hasi mara hasi," akasema, "hata mimi nilikariri tu. Tulitafute pamoja."

Hakuna aliyecheka. Darasa likalipuka: huyu anaandika, yule anapinga, msichana wa mbele amegeuka anabishana na safu nzima ya nyuma. Bi Mraba alizunguka katikati yao akisikiliza, na mshangao haukumtoka.

Kwa zogo lile hakumwona Mkuu akiingia. Alikuja kuhakikisha watoto wanaagwa. Akasimama nyuma, akausoma ukuta. Akavaa miwani, akausoma tena. Halafu akajibana kwenye dawati la mwisho, magoti yakigonga meza, akatoa simu.

Kikaratasi kipya kikatokea: *Tukigawanya kwa sehemu, kama robo, kwa nini tunaigeuza juu chini?*

"Nani huyo?" watoto wakaulizana. "Hiyo si ya darasa la chini?"

Bi Mraba akaangaza macho dawati kwa dawati mpaka la mwisho, akamwona bosi wake ameinamia simu, anajifuta jasho.

"Swali zuri sana," akasema polepole. "Aliyeuliza atapenda tulianze leo?"

Mkuu akakohoa. Akanyoosha mkono juu, kama mtoto.

"Nimelibeba tangu shule ya msingi, Mwalimu," akasema. "Chukua muhula mzima."